Mkono wa Kushoto Unamngoja Kasuku

Jumatatu, 4 Machi

Mkono wa kushoto haujafanya lolote. Asubuhi niliuamuru uamke. Ukanipuuza. Umejikunja kifuani, vidole vimefumba ngumi, utadhani umeficha kitu nisichotakiwa kukiona. Baba Watoto akanifunga kilemba. Alikifunga kama gunia la mkaa. Nikatoka hivyo hivyo. Mimi, msusi, niliyesuka maharusi wa nusu ya mji huu! Aibu.

Kituo cha mazoezi ya viungo kimepata mashine mpya. Mtaalamu anaiita roboti. (Mtaalamu ni yule kijana anayetufanyisha mazoezi. Mpole kupita kiasi. Watu wa namna hiyo ni rahisi kuwazunguka.) Nilitarajia kitu chenye kichwa na macho. Wapi! Ni kiti, na ubavuni mwa kiti kuna mkono wa chuma. Unalaza mkono wako ndani yake, unafungwa mikanda ya kunata, mbele yako kuna skrini. Machungwa yanaanguka kutoka juu. Unayadaka kwa kikapu. Kikapu kinakwenda unakopeleka mkono. Mwanamke mzima nimekaa nadaka machungwa yasiyolika.

Mtaalamu akaeleza. Mashine inausikiliza mkono. Ukianza kusukuma, hata kidogo tu, inakumalizia. Ukijitahidi zaidi, inapunguza msaada. Ukishindwa, inaongeza. Pembeni ya skrini kuna mstari. Rangi ya kijani ni nguvu yako, buluu ni nguvu ya mashine. Mstari wangu ulikuwa buluu kutoka chini hadi juu, na kijani ncha tu, kama ukucha.

Ukucha hautoshi. Binti yangu alipiga simu jana. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na Kasuku. Huyo ni mjukuu wangu wa pekee, jina nilimpa mimi kwa sababu hanyamazi. Tangu kiharusi kinipige sijamwona. Binti anasema nywele zake zimekuwa msitu. Yeye hajui kusuka. Binti wa msusi! Siri hiyo nimeifukia miaka yote. Wasusi wa huko kwao wanamvuta mtoto mpaka analia, kwa hiyo kama mkono wangu hauko tayari zitakatwa, shule haitaki msitu.

Nikamwambia mkono uko tayari. Nikamwambia unacheza. Uongo mtupu.

Na najua nani yuko nyuma ya jambo hili. Mkwe mwenzangu. Bibi wa Kasuku upande wa baba. Anakaa nao mtaa mmoja, nywele zake mwenyewe fupi, na ana mkasi.

Jumanne, 5 Machi

Kuna mtu anakaa kwenye mashine kabla yangu. Refa mstaafu. Yeye mkono uliolala ni wa kulia. Bado anavaa filimbi shingoni na kadi zake ziko mfukoni mwa shati. Kiharusi kimemwondolea mkono, majivuno kimemwachia. Aliposhuka alitazama skrini, akanitazama mimi, akasema dada yangu, hizo ndizo alama za juu kabisa katika jengo hili, kama unataka kupiga picha ruksa.

Sikutaka kupiga picha. Nilitaka kumfuta.

Mbinu: mwili. Mkono haujui kusukuma, lakini kiuno kinajua. Chungwa likija kushoto, natupa kiwiliwili chote kushoto, mkono unafuata kwa lazima. Nikayumba. Nikadaka. Nikayumba, nikadaka! Kijani kikapanda mpaka nusu ya mstari. Refa akasimama mlangoni, mdomo wazi. Nikamtupia jicho la mtu aliyeshinda.

Ndipo kiti kikayumba nacho. Mtaalamu akafika kabla sijaenda chini. Akasema kwa upole kwamba kiuno changu hakina tatizo, hatukuja kukitibu. Akaleta mkanda mpana, akanifunga kifuani. Sasa nakaa kama mzigo juu ya keria ya basi. Alama zangu zikafutwa.

Refa akasema kucheza kwa mwili bila mpira ni madhambi.

Alhamisi, 7 Machi

Usiku wa jana nilipata wazo mpaka nikaketi kitandani. Uzi!

Nina uzi mweusi wa kusukia nywele, imara, haukatiki hata kwa meno. Nimeufunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nikaupitisha chini ya shali, ncha ya pili nikaishika kwa mkono wa kulia. Chungwa likija, mkono mzima unavuta mkono mgonjwa. Juu kuna shali. Nani atajua?

Kwa muda mfupi nilikuwa malkia. Kijani kilipanda mpaka nikaogopa kitamwagika. Mtaalamu alikuwa akimhudumia mzee mwingine, akageuka, akashangaa, akasema mama, leo umeamkia upande gani? Nikasema dawa zimekolea. Nikaona tayari Kasuku kaketi, nimemsuka mistari kumi na minne, na mkwe mwenzangu anatazama picha huku mkasi unaota kutu.

Ila mashine ile ina umbea. Niliposhinda sana, ikapunguza msaada wake. Nikavuta zaidi. Ikapunguza tena. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikasikia nguvu inakuja kutoka mahali ambapo misuli haipo. Ikagoma. Taa nyekundu. King'ora! Chumba kizima kikageuka. Nikataka kuuachia uzi, kumbe umejizungusha kwenye kidole, mkono wa kulia na wa kushoto ukawa umefungwa pamoja, nikawa kama mtu aliyekamatwa.

Filimbi ikalia. Refa. Alikuja kwa hatua zake za kuburuta mguu, akasimama mbele yangu, akachomoa kadi ya njano kwa mkono wake mzima. Wagonjwa wakampigia makofi. Wengine kwa mkono mmoja mmoja, kwenye mapaja.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtaalamu aliukata uzi kwa mkasi. Hata huku, mkasi! Akaniuliza kwa nini nina haraka. Nikamwambia kuna kichwa cha mtu kinaningoja. Akadhani natania.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimegundua jambo kubwa, na nimelia mbele za watu. Nianze na kubwa.

Nilifikiria maneno ya Mtaalamu. Ukijitahidi, mashine inapunguza. Ukishindwa, inaongeza. Kumbe! Kwenye mashine ile anayejituma ananyimwa na anayezembea anapewa. Mimi muda wote nimekuwa nikijinyima. Nguvu zote zile za umeme, zikipita kwenye mkono wangu kila siku, lazima nyingine zibaki, kama mafuta ya nywele yanavyobaki kiganjani hata baada ya mteja kuondoka. Refa na alama zake za juu anapata msaada kiduchu. Maskini. Hajui.

Basi nikalegea. Bega, kiwiko, hata taya. Chungwa likaanguka. Mashine ikasubiri, ikasikiliza, haikusikia kitu. Halafu ikaunyanyua mkono wangu yenyewe. Taratibu. Ikaupandisha, ikaupeleka kushoto, ikaushusha, ikaurudisha katikati. Ikaupandisha tena.

Nikaijua safari ile. Ndiyo njia ya mkono wa kushoto unapookota fungu la nywele, ukalipitisha juu ya jingine, ukarudi. Nimeipita njia hiyo tangu nikiwa kigori bila kuitazama. Sikujua kwamba nilikuwa na njia. Nikafumba macho. Machungwa yakapotea, kikabaki kichwa cha Kasuku: joto lake, harufu ya mafuta, uzito wake anapoegemea paja langu la kushoto. Daima la kushoto. Anaanza na habari za darasani, nani kapigana na nani, nani kalia, nani kajikojolea na kasingizia maji. Anasimama kidogo kulalamika kwamba navuta. Anaendelea. Kisha sauti inazama, kichwa kinazidi kuwa kizito, najua kalala, namalizia mistari ya mwisho huku nimebana pumzi nisimwamshe.

Nina hamu na mtoto huyu. Hamu mbaya, ya kukosesha mtu usingizi. Nikisikia watoto wa jirani wanapita, natazama vichwa vyao.

Nikalia. Mtaalamu akazima mashine, akauliza wapi panauma. Nikamwambia begani. Akanikanda bega.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelegea tena. Mpango unakwenda vizuri. Mstari ni buluu tupu, kijani hata ukucha hakuna. Ina maana napokea msaada wote, hakuna tone linalopotea.

Mtaalamu haelewi mambo haya makubwa. Alichuchumaa mbele yangu, akaomba nijaribu mara moja tu, hata kidogo. Nikakunja uso kama ninayejaribu. Akasema wiki iliyopita alikuwa na uhakika kaona kitu kwenye vidole viwili, sasa hakioni, anaogopa mkono unarudi nyuma. Akauliza kama nyumbani kuna tatizo, kama nina mawazo. Nikasema sina. Akatikisa kichwa. Akatoka nje na simu yake. Vijana na simu! Mgonjwa kafungwa kwenye chuma, yeye anapiga domo.

Nikamweleza Refa siri yangu, ili ajue kwamba alama zake hazinitishi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mchezo wangu unaitwa kupoteza muda, na yeye alikuwa akiwaadhibu wachezaji wa namna hiyo hasa. Wivu.

Jioni binti yangu akapiga simu. Ajabu. Huwa tunagombana kabla ya salamu kwisha. Leo alikuwa mpole, sauti kama ya mtu anayeongea na mfiwa. Akaniuliza nimekula. Akaniuliza nalala vizuri. Akasema Mama, usijisumbue na jambo lolote, ukipona umepona, sisi tunakuja kukuona wewe tu. Sikuuliza habari ya nywele, naye hakuitaja. Safi! Kaukubali uongo wangu, kaacha habari ya kukata. Mkwe mwenzangu kaambulia patupu.

Nalala kwa furaha, ngumi yangu kifuani.

Jumatano, 13 Machi

Hofu. Siku zinakwisha, na nguvu za mashine bado hazijaanza kutoka kwenye vidole. Labda zinachelewa kushuka. Ziko begani bado.

Nahitaji mpango wa akiba. Baba Watoto alijitolea kichwa chake nifanyie mazoezi. Nilithamini moyo wake, lakini ana upara unaong'aa, hata nzi anateleza.

Asubuhi, kwenye benchi la kusubiri, Refa alikaa kushoto kwangu. Nikatazama. Mkono wangu mzima ni wa kulia. Wake mzima ni wa kushoto. Moyo ukanipiga paa. Mimi na Refa, tukikaa bega kwa bega, ni msusi mmoja aliyekamilika!

Nilimbembeleza. Nilimwita kaka, nikamwita kamanda. Akakataa. Akasema maisha yake yote hajashika nywele za mtu ila zile za mchezaji mmoja aliyetaka kumpiga. Nikamwambia kuhusu Kasuku. Sikutia chumvi, nilimwambia kama lilivyo: kwamba mtoto yule yuko mbali na mimi mwaka mzima, na kusuka ndiyo saa pekee anayokuwa wangu, na mkono ukinigomea sijui nitamkalisha kwa kisingizio gani. Refa akaigeuza filimbi kiganjani. Akasema yeye anataka kitu kimoja tu. Kuunyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa, mara moja, uwanja mzima uone. Hajawahi kumwambia mtu. Kisha akauliza mazoezi saa ngapi.

Nimetoa sandukuni kile kichwa cha plastiki nilichokuwa nikifundishia saluni. Tumekiweka juu ya stuli. Tumesuka. Mafungu matatu: mimi nina moja, yeye ana moja, la tatu linaning'inia halina mlezi. Tumelikabidhi kwa meno ya Refa. Matokeo: fundo. Fundo la kufungia mbuzi.

Ijumaa, 15 Machi

Tumeweza! Karibu. Refa ana nidhamu, hilo nalikubali. Anahesabu kwa kunong'ona, kulia juu, kushoto juu, na akikosea anajipulizia filimbi mwenyewe. Msuko wa tano ulionekana kama msuko ukitazamwa kwa mbali. Anasema kesho atakuja amenyoa na amepiga shati pasi. Nimemwonya asimtishe mtoto kwa kadi.

Kwenye mashine nimelegea kwa mara ya mwisho kabla ya mechi. Ilinizungusha ile njia yangu, nikafumba macho.

Kila kitu kiko tayari. Kitana, mafuta, uzi. Mto wake nimeuweka sakafuni mbele ya kiti changu. Baba Watoto kaupita kwa kuuruka. Anajua.

Jumamosi, 16 Machi

Sina nguvu ya kuandika lakini naandika.

Saa nne walibisha. Refa alikuwa amekwisha kaa mahali pake, kiti cha kushoto, shati jeupe, kola imesimama. Kasuku akaingia mbio. Akanirukia. Nilimnusa shingo. Amerefuka! Alikuwa na kofia ya sufu mpaka masikioni, na joto lote hili. Na alikuwa kimya. Kasuku, kimya. 

Nikamwambia avue kofia tuanze. Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama ukuta. Kasuku akashindwa kujizuia, akasema Bibi, usiudhike, mama kasema usiudhike. Akavua.

Zimekatwa. Zote. Kichwa kidogo, kiduara, kama siku aliyozaliwa.

Nikamwambia binti yangu najua ni nani. Nikamwambia amlete mkwe mwenzangu hapa, na mkasi wake. Akaanza kulia. Akasema mkwe mwenzangu alikataa kata kata, aliuficha mkasi, ikabidi yeye akaazime kwa jirani. Akasema mwenye kukata ni yeye. Jumatatu Mtaalamu alimpigia simu. Kamwambia mkono wa Mama unarudi nyuma, wiki iliyopita ulikuwa na dalili, sasa hauna hata moja, na Mama analia kwenye mashine. Binti akawaza: nikimpeleka mtoto na nywele zake, Mama atamkalisha, atajaribu, atashindwa mbele ya mtoto. Itamvunja. Bora zisiwepo, asiwe na kitu cha kushindwa. Akasema alikata usiku huo huo, kabla hajabadili mawazo, na mtoto ndiye aliyemshikia kioo.

 Refa aliishika filimbi yake, akaiachia. Kisha akaingiza mkono mfukoni, polepole, akatoa kadi. Nyekundu. Hakuipandisha. Aliilaza mezani mbele yangu, akainuka, akamuaga mtoto kwa kuinamisha kichwa, akaondoka. Mguu wake niliusikia mpaka mwisho wa kibaraza.

Binti akaenda jikoni kujifanya anatafuta vikombe. Baba Watoto akamfuata kujifanya anamwonyesha vilipo. Nikabaki nimekaa na kitana mapajani.

Kasuku hana habari na mambo ya wakubwa. Aliusogeza mto kidogo, akauweka mahali pake hasa, akaketi katikati ya magoti yangu, akanipa kisogo. Akasema haya Bibi, anza. Nikamwambia hakuna cha kusuka, mama. Akasema anajua. Lakini hapa ndipo pa kusimulia. Asipokaa hapa hakumbuki habari.

Akaegemea kushoto. Ngumi yangu ilikuwa pale pajani, ikamchoma shavu. Akaichukua, akaifungua kidole kimoja kimoja, akanipa pole kwa kila kidole, akakilaza kiganja changu juu ya kichwa chake kama kofia. Akaanza. Kuna mwenzake darasani kameza kifutio. Mwalimu kamwambia kitamfuta tumbo. Kuna mwingine kasema Kasuku sasa ni mvulana, Kasuku akamwambia ni mtindo wa bibi yake, bibi yake ni msusi mkubwa, anasuka kwa zamu, mwaka huu ni zamu ya kutosuka.

Katikati ya habari akacheka. Akasema Bibi, usinikune, unanitekenya. Nikamwambia simkuni. Akasema unanikuna.

Nikatazama. Kidole cha shahada na cha kati. Vilikuwa vinakwenda na kurudi juu ya nywele zile fupi, kidogo sana, vikitafuta pa kupasua mstari. Sikuvituma. Sikuita mtu. Nilikaa hivyo mpaka sauti yake ilipozama na kichwa kikawa kizito. Chai ikapoa mezani, sikuiomba.

Jumapili, 17 Machi

Wameondoka asubuhi. Binti amenikumbatia muda mrefu. Kasuku kaning'inia dirishani mwa gari akipunga kwa mikono yote miwili.

Baba Watoto alitaka kuurudisha mto kwenye kochi. Nimemkataza.

Vidole: nimeviomba siku nzima. Nimeviwekea kitana, nimeviwekea uzi, nimeviwekea hata upara wa Baba Watoto. Hakuna. Vinamjua wanayemtaka.

Mkwe mwenzangu ametuma salamu. Anasema zile nywele aliziokota zote, kaziweka kwenye kitambaa, hakuweza kuzitupa, na kwamba siku ile alilia. Machozi ya nini? Anajifanya.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa wapi? Si kwenye mpango. Mpango ulikuwa safi, ushahidi ni vidole viwili. Nguvu za mashine zilibaki kweli, kama nilivyosema! Zilichelewa tu kushuka. Kosa ni namba ya simu. Kama Mtaalamu asingekuwa na namba ya binti yangu, Kasuku angekuwa na nywele zake leo.

Basi nimeziba ufa. Asubuhi, kabla ya zamu yangu, nimemwambia dada wa mapokezi afute namba ya binti, aandike ya Baba Watoto. Kazi imekwisha. Baba Watoto ana upara. Mtaalamu ampigie mpaka achoke, hakuna kitakachokatwa.

Refa kanisalimia kwa mbali. Nimemrudishia kadi yake. Akaniuliza nimeielewa? Nikamwambia sana. Leo mkono wake umefika usawa wa sikio, akasahau kuringa, akabaki anautazama. Nikampigia makofi pajani. Nilitaka kumshauri alegee kama mimi, angefika juu ya kichwa haraka, lakini si msikivu.

Nywele zitaota. Likizo ijayo zitakuwa zinashikika, na mimi nitakuwa nimejaa nguvu. Mtaalamu akanifunga mikanda, akasema leo tuanze upya, wewe na mimi, jaribu mama. Nikamwambia nitajaribu. Nikalegea kabisa. Mashine ikasikiliza. Ikaunyanyua mkono wangu, ikaupeleka kushoto, ikaushusha, nikafumba macho, naye akaja, akakaa, akaanza kusimulia. Nilipofumbua mstari ulikuwa buluu tupu na Mtaalamu alikuwa nje na simu yake. Apige tu.

Jioni. Baba Watoto karudi mapema. Mpole ghafla. Kaniuliza nimekula. Kaniuliza nalala vizuri. Kanifungua kilemba taratibu, kanikanda bega, kasema mama watoto, usijisumbue na jambo lolote. Macho yake mekundu. Mafua, nadhani.

Alipokwenda kuoga nikaenda kuchukua kitana nivijaribu vidole. Sanduku langu la kazi halipo. Vitana, uzi, mafuta, kichwa cha plastiki, vyote. Na mto wa Kasuku haupo pale sakafuni. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Hakuna.

Sihitaji kuambiwa. Najua nani yuko nyuma ya jambo hili. Mkwe mwenzangu.